Anza na Siku ya Kurudisha

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya walimu, wazazi na wenzetu wanaofanyia kazi zao nyumbani. Wengi ambao hawakufika wameomba kuisoma. Hii hapa yote kama nilivyoisema, ila picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma na laptopu mapajani: hamjambo?

Nimeitwa kuzungumzia bakapu, yaani nakala ya akiba ya vilivyomo kwenye kompyuta, na nataka habari hii tuianzie mwisho. Kompyuta yako ya nyumbani ikikataa kuwaka leo jioni, kesho utamkabidhi fundi kitu gani ili airudishe kama ilivyokuwa jana? Programu zilezile, mipangilio ileile, barua zilezile, kila kitu mahali pake. Utamkabidhi nini?

Baadhi yenu nimewauliza swali hilo pale nje kabla hatujaingia. Mmoja kaniambia anayo eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka. Mwingine kaniambia vitu vyake vyote viko Google Drive. Sawa. Hayo ni majibu ya wapi nakala inakaa. Mimi nauliza itarudi vipi. Itarudi baada ya muda gani? Itarudi nzima, au itarudi vipande vipande? Ndugu zangu, njia ya bakapu huchaguliwa kwa kuitazama siku ya kurudisha. Nitalirudia neno hili mpaka mlichoke.

Na msidhani siku hiyo ni ya watu wengine. Kampuni ya Marekani iitwayo Backblaze huhifadhi data za wateja kwenye diski zaidi ya laki mbili, na kila mwaka hutangaza ni ngapi zimekufa. Mwaka 2023 zilikuwa asilimia 1.40, kama diski moja katika kila sabini. Na hizo zinakaa kwenye vyumba vya ubaridi, zinapata umeme uliotulia, zinatazamwa usiku na mchana. Ya kwako inakaa wapi? Inakaa kwenye joto la mwezi wa pili, umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, na pengine laptopu yenyewe uliinunua ikiwa imeshatumika Ulaya au Dubai miaka kadhaa. Tuwe wakweli kuhusu hali zetu.

Yupo mama mmoja ninayemfahamu, anadarizi nembo za shule nyumbani kwake. Ana mashine ya kudarizi, ana kompyuta ya mezani, ana wateja wa kutosha. Diski ya kompyuta ile ikafa Desemba, katika msimu wa sare za Januari. Alikuwa mwangalifu: folda ya Documents alikuwa anainakili kwenye flashi, na picha zake zilikuwa mtandaoni. Fundi akaja, akafunga diski mpya, akapiga Windows, akarudisha zile faili. Kazi ya mchana mmoja. Tukampongeza.

Kisha akataka kufanya kazi. Programu ya kudarizi ikadai leseni, na leseni ilikuwa imefungwa kwenye mashine ya zamani. Aliyeiuza yuko nje ya nchi na alichukua siku kadhaa kujibu. Faili za kulishia mashine alikuwa nazo, lakini michoro yenyewe inayoweza kubadilishwa rangi na ukubwa, programu ilikuwa inaiweka kwenye folda yake ya ndani, siyo kwenye Documents. Fonti alizokusanya kwa miaka, hazipo. Nywila zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kivinjari, hazipo. Printa ikabidi ifungwe upya. Mpaka anarudi kufanya kazi kama zamani, shule zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na wazazi walikuwa wamekwenda kwa mwingine.

Faili alizipata. Kompyuta hakuipata. Mnaiona tofauti hiyo?

Kwa nini ikawa hivyo? Kwa sababu diski ya Windows siyo kabati la faili tu. Ukiifungua kitaalamu utakuta imegawanywa. Kuna sehemu ndogo isiyoonekana ambayo ndiyo inayoiambia mashine ianzie wapi kuwaka. Kuna sehemu kubwa mnayoiita C. Mara nyingi kuna nyingine ndogo ya uokozi. Na ndani ya C, programu haiishi kwenye folda yake peke yake. Ina kumbukumbu zake kwenye daftari kuu la Windows liitwalo Registry. Ndiyo maana ukiinakili folda ya programu kwenye flashi na kuirudisha kwenye Windows mpya, mara nyingi haitakubali kufanya kazi. Tena Windows ikiwa imewaka, faili nyingi za mfumo zimeshikwa; huwezi kuzinakili kwa mkono hata ukitaka.

Basi anayetaka kompyuta yake irudi nzima anahitaji nakala ya diski nzima: zile sehemu zote, kwa mpangilio wake, kama zilivyokuwa dakika fulani. Mafundi wanaiita imeji. Ni faili moja kubwa, au kundi la faili, linalokaa kwenye diski nyingine. Siku ya msiba unafunga diski mpya, unawasha mashine kwa flashi ya uokozi, unaielekeza kwenye imeji, unasubiri. Ikimaliza, unawasha na kukuta kompyuta yako ya siku ile, hata picha ya mjukuu kwenye skrini ipo palepale.

Na hapa nataka nitenganishe vitu ambavyo watu huvichanganya, kwa sababu kuvichanganya ndiko kunakotuumiza. Ile restore point ya Windows, alama ya kurudisha mfumo nyuma, inakaa ndani ya diski ileile. Diski ikifa, inakufa nayo. OneDrive na Google Drive zinasawazisha: ukifuta huku, na kule inafutika, ingawa kuna pipa la taka la kukuokoa kwa muda. Programu ya Windows Backup inayokuja na Windows 10 na 11 hurudisha folda, mipangilio na orodha ya programu zako, lakini programu nyingi zilizotoka nje ya duka la Microsoft utazifunga upya moja moja. Vyote hivyo ni vizuri, vitumieni. Hakuna hata kimoja kinachorudisha kompyuta nzima.

Je, kloni? Kloni ni kunakili diski moja juu ya nyingine, mpaka ya pili inaweza kuchukua nafasi ya ya kwanza papo hapo. Siku unapobadilisha diski ya zamani kuweka SSD, zile diski mpya za kasi, kloni ndiyo kazi yake hasa. Lakini kama bakapu ya kila mwezi mimi siipendi, na nasema wazi. Inakula diski nzima kwa nakala moja ya tarehe moja. Ukipiga kloni leo kumbe kirusi kiliingia juzi, umefuta nakala safi na kuweka chafu. Imeji hubeba sehemu zilizoandikwa tu na huzibana; laptopu yenye diski ya gigabaiti 512 iliyojaa gigabaiti 180 itaingia kwenye eksteno ya terabaiti moja mara kadhaa, kila moja na tarehe yake. Uwezo wa kuchagua tarehe, ndugu zangu, ni mali.

Kuhusu programu za kutengenezea imeji nitapita haraka. Ile zana ya zamani ya Windows 7 bado imo kwenye Control Panel, lakini Microsoft wenyewe walitangaza mwaka 2017 kwamba hawaiendelezi tena na wakashauri watu watumie za kampuni nyingine. Msiijengee nyumba juu yake. Macrium Reflect ya bure, iliyopendwa na wengi, ilisitishwa. Sasa ni ya kulipia. Veeam Agent ina toleo la bure kwa kompyuta moja moja, inajipangia ratiba yenyewe na inakutengenezea flashi ya uokozi. Clonezilla ni ya bure kabisa, haifungwi ndani ya Windows, unawashia mashine kwa flashi yake; ubaya wake ni skrini za maandishi matupu, na kwa kawaida hudai diski ya kurudishia isiwe ndogo kuliko ile ya zamani. Rescuezilla hufanya kazi ileile kwa kutumia kipanya, na imeji zilizotengenezwa na Clonezilla inazisoma. Kwa mwalimu asiyetaka kukumbuka tarehe, ningempa Veeam. Kwa kijana anayependa kujua mashine yake, Rescuezilla kila mwisho wa mwezi. Wenye Mac wanayo Time Machine tangu mwaka 2007: siku ya kurudisha unafunga macOS upya, kisha Migration Assistant inavuta kila kitu kutoka kwenye eksteno. Hao shida yao ni ndogo.

Programu hizi zitakuuliza pia: nakala kamili, au mabadiliko tu? Kuna mtindo ambao kila nakala mpya inabeba yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia. Ni ndogo na ya haraka, lakini siku ya kurudisha unahitaji zote, kuanzia ya kwanza. Moja ya katikati ikiharibika, zote zilizoifuata hazina kazi. Mtindo wa pili, kila nakala inabeba yote yaliyobadilika tangu ile nakala kamili. Ni kubwa zaidi, lakini kurudisha kunahitaji mbili tu, ile kamili na hiyo unayoitaka. Tazameni siku ya kurudisha, kisha mnijibu: ni upi wa nyumbani? Mimi nachukua ule wa pili bila kusita, na nakala kamili mpya kila mwezi.

Sasa nakala iko tayari. Ikae wapi?

Tarehe 27 Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk, ile yenye makontena mnayoyaona bandarini, ilipigwa na kirusi kilichoitwa NotPetya. Kilianzia Ukraine, kwenye programu ya uhasibu, kikasambaa duniani. Maersk walikuwa na seva zipatazo 150 zinazotunza orodha ya watumiaji wote na ruhusa zao. Bila orodha hiyo hakuna anayeingia popote. Seva hizo zilikuwa zinasawazishana: kila moja ni nakala ya mwenzake. Mia na hamsini! Nani asingesema hapo tuko salama? Kirusi kikazifuta. Kwa kuwa zote zilikuwa zimeunganishwa, zote zilifikika.

Ikabaki moja. Iko wapi? Ghana. Kabla ya shambulio umeme ulikuwa umekatika kwenye ofisi ile, seva ikazimika na kutoka mtandaoni. Kirusi kikapita hakikuiona. Makao ya uokozi Uingereza wakataka data ile itumwe kwa intaneti, lakini kwa kasi iliyokuwepo ingechukua siku nyingi. Wakataka mfanyakazi wa Ghana aibebe kwa ndege. Hakuna aliyekuwa na viza ya Uingereza. Mwishowe mmoja akaruka mpaka Nigeria, akakutana uwanjani na mwenzake, akamkabidhi ile diski, na huyo wa pili akaruka nayo mpaka London. Kampuni ikafunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi, kama mwenyekiti wake alivyoeleza baadaye kule Davos.

Naipenda habari hii kwa sababu inasema mambo mawili kwa mpigo. La kwanza: nakala 150 zilizounganishwa zilikuwa sawa na sifuri, na nakala moja iliyochomolewa ikaiokoa kampuni nzima. Eksteno yako unaiacha imechomekwa nyuma ya kompyuta mwaka mzima? Kirusi cha kudai fidia kikiingia kitaifunga pamoja na C. Chomeka, tengeneza imeji, chomoa. Chomoa! Iweke kabatini. Na kama una uwezo wa eksteno mbili, ya pili ikae nyumba nyingine, kwa dada au kwa mkwe, mbadilishane kila baada ya miezi miwili. Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto. Waliokuwa wameweka data na bakapu mahali palepale walipoteza vyote viwili. Moto na mwizi hawachagui.

La pili ni intaneti. Kampuni kubwa kama ile ililazimika kubeba diski mkononi. Mimi na wewe je? Tupige hesabu. Imeji ya gigabaiti 200, intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde (biti nane ndizo baiti moja): ni karibu saa 89. Siku tatu na zaidi ya nusu, usiku na mchana, bila kukatika, na bando sijalitaja. Eksteno ya kawaida kwenye tundu la USB 3 husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde. Imeji hiyohiyo inasomwa kwa dakika 35 hivi. Tena mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini? Intaneti ya Tanzania ilidhoofika siku kadhaa, na majirani zetu pia. Siku hiyo aliyekuwa na bakapu mtandaoni tu, angerudisha nini? Faili za thamani, picha, vyeti, mitihani, wekeni mtandaoni, nawahimiza. Imeji ya kompyuta nzima ikae kwenye eksteno.

Nimefika kwenye jambo ninalolionea uchungu kuliko yote, na naomba vijana wa nyuma waweke simu chini.

Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu, alikuwa anahangaika na hifadhidata iliyogoma. Akafuta folda. Baada ya sekunde chache akagundua yuko kwenye seva siyo. Kati ya gigabaiti zipatazo 300, zilibaki kama nne na nusu. Haya, leteni bakapu. Walikuwa na njia tano. Tano! Na usiku ule wakaandika wenyewe hadharani kwamba kati ya tano hizo hakuna iliyokuwa ikifanya kazi vizuri au iliyokuwa imewekwa sawasawa. Moja ilikuwa inashindwa kimyakimya kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kuwaonya kwamba imeshindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliitengeneza kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya saa sita ikapotea.

Hao ni wahandisi, kazi yao ndiyo hiyo. Kwa hiyo nakuuliza wewe, mwalimu, wewe, mama wa cherehani, wewe unayetunza hesabu za kikoba kwenye laptopu: bakapu yako umeshawahi kuirudisha? Umewahi hata kuwasha mashine kwa ile flashi ya uokozi? Kama hujawahi, unayo faili kubwa kwenye eksteno. Kama ni bakapu, bado hujui.

Jaribio la kwanza ni la dakika kumi na halihatarishi kitu, mradi tu usikubali hatua ya mwisho ya kuandika juu ya diski. Washa mashine kwa flashi ya uokozi. Je, inawaka? Je, inaiona diski ya ndani? Je, inaiona eksteno na kuiorodhesha imeji na tarehe yake? Nusu ya matatizo huonekana hapo. Kisha iagize programu iikague imeji, isome yote na kuhakiki kwamba haijaharibika. Jaribio kamili ni kuirudisha kwenye diski nyingine, siyo ile unayoitumia. Azima SSD kwa fundi, chomoa ya kwako, funga ile, rudisha, washa. Laptopu iwe na chaji ya kutosha na iwe imechomekwa kwenye umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, subirini siku umeme umetulia.

Mambo mengine matatu yamewakwamisha watu nikiwaona. Laptopu nyingi za sasa hufunga diski kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, bila mwenyewe kujua. Ufunguo wake wa tarakimu 48 uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uchapeni, mkauweke na vyeti vya kuzaliwa. Ukiwa umeandikwa ndani ya kompyuta iliyofungwa, utausomaje? Lingine, imeji ina kila kitu chako, nywila na barua, na mara nyingi haijafungwa hata kama diski yako ilikuwa imefungwa. Atakayeiba eksteno ameiba kompyuta yako. Ipeni imeji nywila. La mwisho ni flashi za bei ya kutupa zinazojitangaza terabaiti mbili. Ndani zina gigabaiti chache tu, na zimerekebishwa zidanganye. Zinapokea imeji yako yote bila kulalamika, na siku ya kurudisha zinatoa uchafu. Kuna programu ndogo ya bure, H2testw, inajaza flashi yote kisha inasoma ilichoandika. Flashi au eksteno yoyote mpya ipimeni hivyo kabla ya kuikabidhi imeji.

Na mliobaki na Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi mtapelekwa Windows 11 na mashine nyingine zitakataa. Kabla fundi hajagusa kitu chochote, mwambieni atengeneze imeji kwanza. Akisema haina haja, mtafuteni mwingine.

Ndugu Mwenyekiti, nimeacha saa nzima kwa makusudi. Pale mezani kuna flashi za uokozi zilizoandaliwa na eksteno zilizopimwa. Waliokuja na laptopu zao, zizimeni kabisa, chomekeni flashi. Wenye Dell na Lenovo, bonyezeni F12 mara tu mnapowasha. Wenye HP, Esc kisha F9. Ikiwaka, niiteni niione skrini pamoja nanyi. Ikikataa, niiteni haraka zaidi.